Sura ya Tano: Mama Hayumo Kwenye Mstari

Mama alifika Birmingham wiki ya kwanza ya Januari 2024, na siku tatu nzima hakutia mguu nje. Alikaa jikoni kwangu, mtaa wa Small Heath, kiti amekisogeza hadi kwenye redieta, khanga mbili juu ya sweta langu, akichambua mchele usio na hata chembe ya mchanga. Nilimwambia mchele wa huku unauzwa safi. Akasema mchele ni mchele, akaendelea kuchambua.

Mimi nilikuwa mezani na karatasi za sura hii. Nilikuwa nimechora michoro miwili kwa mkono, kwa sababu kitu nikikichora mwenyewe hunikaa kichwani kuliko kikichorwa na kompyuta. Karatasi ya kushoto ilikuwa na mstari wa buluu, wa England. Ya kulia ilikuwa na mstari mwekundu, wa Tanzania. Mama aliweka ungo chini, akafuta vidole kwenye khanga, akaja kusimama nyuma yangu.

"Hii nini, mwanangu?"

"Ni hesabu ya mabinti wanaozaa wakiwa na miaka 15 hadi 19, mama. Huu mwekundu ni wa kwetu. Unaanzia hapa, mwanzoni mwa miaka ya tisini."

Akaweka kidole pale mstari unapoanzia, akaupitisha taratibu hadi mwisho, akarudi nao nyuma.

"Mimi niko wapi?"

Mama hayumo. Alimzaa kaka yangu mkubwa Korogwe mwaka 1967, akiwa na miaka 17. Ndio mwaka wa Azimio la Arusha, na Agosti ya mwaka huo ilifanyika sensa ya kwanza ya Tanzania tangu uhuru. Anamkumbuka karani wa sensa alivyokaa kwenye kigoda barazani, akaandika jina la baba, kisha akauliza ndani kuna wangapi. Yeye alikuwa ndani na mtoto wa miezi miwili. Akahesabiwa, mtoto akahesabiwa, karani akanywa uji, akaenda nyumba ya pili. Hakuna aliyeuliza alikuwa na miaka mingapi alipopata mimba, na kwa wakati ule lingekuwa swali la ajabu. Alikuwa amevunja ungo, akawekwa ndani, akafundwa na kungwi wake, ikaja posa, akaolewa. Kwa macho ya Korogwe alikuwa mke wa mtu aliyezaa kwa wakati wake.

Ndiyo maana nasita kila ninaposikia mimba za utotoni zikitajwa kama ugonjwa mpya ulioingia na simu za mkononi. Kuzaa ukiwa na miaka 17 ni jambo la kale kwetu. Geni ni mahali anapokuwa binti siku mimba inapomkuta. Mama alikuwa kwa mumewe. Binti wa leo, mara nyingi, yumo katika sare ya shule, au ndiyo kwanza ameivua.

Mstari mwekundu unatokana na Utafiti wa Demografia na Afya, ambao kwa Tanzania ulianza 1991 na 1992. Wadodosaji hupita nyumba kwa nyumba, wakamhoji kila mwanamke mwenye miaka 15 hadi 49 kwenye kaya iliyochaguliwa, wakimwomba awataje watoto wake wote mmoja mmoja, walio hai na waliofariki, na tarehe walizozaliwa. Kutokana na majibu hayo hupatikana idadi ya watoto wanaozaliwa kwa mwaka kwa kila wasichana 1,000 wa miaka 15 hadi 19. Utafiti wa kwanza ulitoa 144. Mwaka 1996 ikawa 135, mwaka 1999 ikawa 138, mwaka 2004 na 2005 ikashuka hadi 132, kisha 116 mwaka 2010. Hapo kila mtu alidhani tumeshapata njia. Utafiti wa 2015 na 2016 ukarudisha 132, palepale tulipokuwa miaka kumi nyuma. Wa mwaka 2022 umetoa 112.

Ukitaka kuisoma kwa njia nyingine, chukua wasichana wote wa rika hilo, uliza wangapi wameshazaa au wana mimba. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 23. Mwaka 2015 na 2016 walikuwa asilimia 27. Mwaka 2022, asilimia 22. Huu si mteremko. Ni njia ya milimani, unashuka bonde na kukuta kilima kingine mbele yako.

Majirani zetu nao wana hadithi zao. Kenya ilikuwa na watoto 110 kwa kila wasichana 1,000 mwaka 1993, na kwa miaka kumi haikusogea, hadi baadaye ilipoanza kushuka, ikafika 73 mwaka 2022. Lakini ndani ya Kenya hiyohiyo, mwaka huo, nusu ya wasichana wa Samburu walikuwa wameshapata mimba, na Nyeri walikuwa 5 tu kati ya 100. Uganda ilishuka kwa kishindo, kutoka asilimia 43 ya wasichana waliokwisha kuzaa au kupata mimba mwaka 1995 hadi 25 mwaka 2006, kisha ikaganda. Mwaka 2022 ilikuwa 24.

Wastani wa taifa, kwa kweli, haumwambii mzazi lolote. Kwetu, mwaka 2015 na 2016, waliokwisha kuzaa au kupata mimba Katavi walikuwa asilimia 45, na Zanzibar asilimia 8. Mwaka 2022 Songwe ndiyo iliyoongoza, asilimia 45. Na hata mkoa bado ni mpana mno. Tafuta darasa. Katika utafiti uleule wa 2015 na 2016, miongoni mwa wasichana ambao hawakusoma kabisa, 52 kati ya 100 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Miongoni mwa waliofika sekondari, 10. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niandike sura hii. Ni kweli kwamba mimba yenyewe humtoa binti shuleni, kwa hiyo sehemu ya pengo hilo ni matokeo na si chanzo. Lakini Benki ya Dunia ilikadiria kwamba kati ya wasichana zaidi ya 120,000 wanaoacha shule kila mwaka Tanzania, wanaoacha kwa sababu ya mimba au mtoto ni takribani 6,500. Waliobaki waliondoka kwanza. Waliondoka kwa umaskini, kwa umbali, kwa kufeli darasa la saba, kwa kuitwa nyumbani kulea wadogo zao. Mimba ikawakuta wakiwa wameshatoka.

Nawajua pia wale wengine, waliotolewa shuleni kwa sababu ya mimba. Mwaka 1995 nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni. Mara mbili kwa muhula tulipangwa mstari nje ya chumba cha matroni, tumeshika vikombe vya plastiki vya mkojo, na aliyeshukiwa aliambiwa alale kitandani, akabinywa tumbo. Siku moja msichana aliyekuwa mbele yangu kwenye mstari hakutoka kwa mlango ule tuliozoea kutokea. Jioni tulimwona akivuka uwanja wa mpira, sanduku lake la bati kichwani, sare ameshaivua, amevaa gauni la kitenge ambalo alikuwa analitunza kwa ajili ya Krismasi. Alikuwa wa pili darasani kwa hesabu. Mwalimu wa zamu alisimama mlangoni kuhakikisha hatumpungii mkono. Nikitazama ile 135 ya mwaka 1996 namwona yeye. Hana jina pale, lakini yumo.

Kufukuzwa huko kulikuwa desturi ya miaka mingi, na mwaka 2002 kanuni za elimu ziliandika wazi kwamba mwanafunzi anaweza kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili au kwa kuingia kwenye ndoa. Juni 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani, mkoani Pwani, kwamba katika utawala wake hakuna mwanafunzi mwenye mimba atakayerudi shule. Wengi walishangilia, na naielewa hofu yao: wakiruhusiwa, si wote watazaa? Zanzibar ilikuwa imewaruhusu kurudi tangu 2010, na ndiyo hiyo iliyokuwa na asilimia 8. Sidai kwamba ruhusa ndiyo iliyoleta idadi ndogo. Visiwani kuna mengi yaliyo tofauti. Nasema tu kwamba mafuriko yaliyotabiriwa hayakuja. Na huku Bara, vitisho vilikuwepo miaka yote ile, na kati ya 2010 na 2015 mstari ulipanda vitisho vikiwapo.

Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wasichana waliojifungua wataruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi.

Sheria ya ndoa ina safari yake. Sheria ya mwaka 1971 inaruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na 14 kwa idhini ya mahakama, wakati mvulana ni 18. Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana, aliipeleka mahakamani. Julai 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikamuunga mkono Gyumi. Hadi Januari ile ya 2024, nilipokuwa naandika nikiwa na mama jikoni, marekebisho yalikuwa bado hayajapitishwa. Wakati huohuo sheria ya elimu, iliyorekebishwa 2016, inamfunga miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi. Kwa hiyo binti wa miaka 15 aliye darasani analindwa kwa kifungo cha miaka 30, na rafiki yake wa umri uleule aliyefeli darasa la saba anaweza kuozwa kihalali. Ukuta wa ulinzi umejengwa kuzunguka sare, na aliyevuliwa sare amebaki nje ya ukuta.

"Na huu wa wazungu?" mama aliuliza. Alikuwa ameshahamia karatasi ya kushoto.

Lazima nieleze kwanza kwamba mistari hii miwili hailingani, na ndiyo maana iko kwenye karatasi mbili. Takwimu inayotumika zaidi England huhesabu mimba za wasichana wa chini ya miaka 18, yaani waliojifungua pamoja na waliotoa mimba kihalali, kwa sababu tangu sheria ya 1967 kila utoaji wa mimba huandikishwa. Yetu huhesabu watoto waliozaliwa. Mimba zinazotolewa kwa siri Tanzania, kwa vidonge vya uchochoroni na mizizi, hazimo kwenye mstari wowote, isipokuwa pale zinapoishia makaburini.

Lakini kuna takwimu ya zamani inayohesabu watoto waliozaliwa tu, na hiyo ndiyo niliyomwonyesha mama. Mwaka 1971, England na Wales, walizaliwa watoto takribani 51 kwa kila wasichana 1,000 wa chini ya miaka 20. Wengi wa mama hao walikuwa wameolewa, kama yeye. Na wale ambao hawakuolewa walipata yao. Kati ya 1949 na 1976, kamati ya Bunge la Uingereza ilieleza katika ripoti yake ya 2022, watoto wapatao 185,000 walichukuliwa kutoka kwa mama zao wasio na ndoa, wakapewa familia nyingine. Msichana alipelekwa kwenye nyumba maalumu tumbo lilipoanza kuonekana, akajifungua mbali na majirani, akarudi kwao mikono mitupu, akaambiwa asahau.

Mama alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe na wao."

Ndiyo, na wao. Nimeishi mji huu miaka 19, na katika mikutano ya jumuiya yetu bado nasikia kauli mbili zinazoniuma sawasawa. Moja husema wazungu hawana haya, ndiyo maana wanawagawia watoto wao kondomu. Nyingine husema sisi Waafrika tumelaaniwa kwa kuzaa mapema. Zote mbili zinasahau kwamba mji huu nao ulitembea njia hii, tena kwa kujikwaa.

Mwaka 1964 Helen Brook alifungua London kliniki ya uzazi wa mpango kwa vijana ambao hawajaolewa, jambo lililokuwa la kashfa. Baada ya muda mfupi Birmingham ikapata tawi lake, miongoni mwa ya mwanzo nje ya London. Mwaka 1974 dawa za uzazi wa mpango zikawa bure kwa kila mtu, mwenye ndoa na asiye na ndoa. Idadi ikashuka, kisha ikasimama. Mwaka 1998 England ilikuwa na mimba 47 kwa kila wasichana 1,000 wa miaka 15 hadi 17, na Uingereza ilikuwa juu kuliko nchi zote za Ulaya Magharibi. Mwaka 1999 serikali ya Tony Blair ilizindua mkakati wenye lengo moja kubwa: kuipunguza idadi hiyo kwa nusu kufikia 2010.

Walichofanya hakikuwa na maajabu, na ndiyo maana nakipenda. Kila halmashauri ilipata mratibu wake na lengo lake, na takwimu za eneo lake zilitoka kila mwaka, kiasi kwamba diwani hakuweza kujificha nyuma ya wastani wa taifa. Somo la mahusiano na uzazi likafundishwa kwa kina zaidi. Kliniki zikasogezwa karibu na shule, zikafunguliwa saa ambazo mwanafunzi ametoka darasani. Wengi wakachagua kijiti na sindano, ambavyo havihitaji kukumbukwa kila siku. Waliokwisha kuzaa walisaidiwa kurudi masomoni na kulelewa watoto.

Na 2010 ilipofika, lengo halikufikiwa. Idadi ilikuwa imeshuka kwa takribani robo tu. Mtu angeweza kusimama bungeni akasema fedha zimepotea bure. Nusu ilifikiwa 2014, miaka minne baada ya tarehe iliyopangwa, na mwaka 2021 ilikuwa imefika 13. Wapo wanaosema vijana wa siku hizi wanakaa ndani na simu zao, na pengine hilo nalo limechangia. Ninachokiona mimi ni uvumilivu. Sisi tungeshabadilisha waziri mara nne na kaulimbiu mara sita. Tulikuwa na kampeni nzuri ya Fataki mwaka 2008, mpaka leo mzee anayefuata wanafunzi kwa chipsi na lifti anaitwa fataki mitaani, neno limeingia kwenye lugha yetu. Kwa kampeni ya redio hayo ni mafanikio makubwa. Lakini binti aliyemtambua fataki bado alihitaji nauli ya kwenda shule, na bweni la kulala badala ya geto la kupanga kilomita 15 kutoka kwao.

Wala mji huu haujamaliza kazi. Mei 2018, katika Mahakama ya Birmingham Crown, mama mmoja alihukumiwa kifungo kwa kumdanganya bintiye, akamsafirisha Pakistan, akamwoza kwa nguvu kwa mwanamume aliyemzidi miaka 16, ambaye alikuwa ameshampa mimba binti huyo alipokuwa na miaka 13. Nilikuwa kwenye basi niliposoma habari ile, nikashuka kabla ya kituo changu ili nitembee. Na ni Februari 2023 tu ndipo England na Wales zilipofuta ruhusa ya kuoa au kuolewa ukiwa na miaka 16 kwa ridhaa ya wazazi. Sheria yao na yetu zilikuwa ndugu wa karibu hadi mwaka huo.

Siku ya nne mama alikubali kutoka. Tulitembea hadi duka la dawa lililo karibu na kwangu, kununua dawa yake ya magoti. Pembeni ya kaunta pana chumba kidogo, viti viwili na mlango unaofungwa. Bango dogo lenye nembo ya Umbrella, yaani mwavuli, huduma ya afya ya uzazi ya mji huu tangu 2015, linaeleza kwamba kijana anaweza kupata ushauri na vidonge vya dharura humo bila malipo. Msichana wa shule, begi mgongoni, alikuwa ameingia na mfamasia. Mlango ulifungwa dakika saba, nane. Akatoka, akanunua chingamu, akaondoka. Hakuna mtu aliyegeuza shingo isipokuwa mama.

"Wamemuuliza mume wake yuko wapi?" alinong'ona.

"Hapana, mama."

"Kwetu nesi angemuuliza, tena kwa sauti foleni nzima isikie."

Jioni ile aliomba tumpigie mjukuu wa dada yake, Handeni. Binti ana miaka 18. Mimba aliipata 2022 akiwa kidato cha pili, mwanamume akahama mji, na mwaka jana amerudi shule kwa ruhusa ile ya 2021. Si shule yake ya zamani, aliona haya. Anatembea mbali zaidi. Picha ilikuwa inakatika, tukazima kamera tukabaki na sauti. Nyuma yake mtoto alikuwa analia, na mtu anagonga sufuria.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mtoto anabaki na nani ukienda shule?"

"Na mama. Siku za mnada mama haendi sokoni, mimi nabaki."

"Siku za mnada huendi shule?"

"Jumatano siendi, bibi."

Mama alinitazama. Nilikuwa nimeshachukua penseli bila kujua ninataka kuandika nini. Aliivuta mkononi mwangu, akaisogeza karatasi ya kulia, na pembeni kabisa, nje ya mchoro, mahali ambapo mwaka 1967 ungekuwa kama ningekuwa na karatasi ndefu zaidi, akaweka nukta moja. Kisha akaniuliza mtu wa kubaki na mtoto Jumatano, Handeni, analipwa shilingi ngapi kwa siku.

"Subiri kwanza, bibi," sauti ilisema kwenye simu. "Ngoja nimbebe mtoto. Kesho tuna jaribio la hesabu na sijamaliza maswali."